Unashukia Wapi?

Kwenye treni ya Kigoma hakuna anayekuuliza jina. Swali la kwanza ni unashukia wapi, la pili ni kwenu wapi, na ukishajibu hayo mawili umeshapata jina la safari. Chumba chetu kilikuwa cha wanawake, daraja la pili kulala, vitanda sita, vitatu kila upande. Ndani alikuwamo Bibi Kaliua, Mama Uvinza na mwanawe anayenyonya, binti wa chuo tuliyemwita Tabora ingawa kwao ni Singida, na mama mmoja wa makamo ambaye kama mimi alikuwa anakwenda mwisho wa reli. Kwa kuwa wa Kigoma tulikuwa wawili, yeye akawa Kigoma Mkubwa, mimi Kigoma Mdogo. Kitanda cha sita kilikuwa cha wapita njia. Walipanda, wakalala, wakashuka, na sikushika sura ya hata mmoja.

Nilipandia Dodoma. Kutoka Dar es Salaam hadi hapo nilikuja na treni ya umeme, hii ya SGR iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, na sina cha kuilaumu. Viti visafi, ubaridi wa kutosha, mwendo unafika kilomita 160 kwa saa. Kijana aliyekaa pembeni yangu aliniambia "samahani" alipokwenda msalani na "samahani" tena aliporudi, tukaishia hapo. Simlaumu. Safari ya saa tatu na ushee mtu anaimaliza kimya. Ukianza kujieleza, kabla hujafika penye utamu mmeshafika Dodoma. Treni ya zamani inakupa usiku mzima, na usiku ndio unaowafungua watu midomo.

Lakini kwanza chakula. Wote mle ndani tumelelewa na onyo lile lile: usile cha mtu usiyemjua. Kila stendi ya mabasi ina hadithi ya abiria aliyepewa biskuti au soda na jirani mwema, akazinduka kituo cha mwisho hana begi wala viatu. Na wote tumelelewa vile vile na adabu ya upande wa pili, kwamba hufungui chakula mbele za watu ukala peke yako bila kukaribisha. Kwa hiyo tangu Dodoma hadi kwenye majaruba ya mpunga ya Bahi, kila aliyefungua hotipoti yake alisema "karibuni jamani", na wengine wakajibu "asante, tumeshiba", kila mmoja na njaa yake.

Saranda ndiyo iliyotuokoa. Baada ya Bahi reli inaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Injini inaguna, mwendo unapungua mpaka unahisi ungeshuka ukatembea ungetangulia, na ukifika kituoni wachuuzi wameshajipanga chini ya madirisha na mabeseni kichwani. Bibi Kaliua akatoa kichwa nje, akaagiza kuku aletwe karibu, akambonyeza kidari, akamgeuza, akabishana bei mpaka treni ilipoanza kusogea, ndipo akalipa. Kuku akapita dirishani mbele ya macho yetu sote, wa moto, amefungwa kwenye gazeti linalovuja mafuta. Hakuna mkono wa mtu uliokuwa umempitia kwa siri. Hapo "karibuni" ya Bibi ikapokewa kweli. Mama Uvinza akatoa chumvi kwenye kifundo cha kanga, Tabora akatoa chapati alizokuwa amezificha tangu asubuhi, mtoto akapewa mfupa wa kusugulia fizi.

Mimi nilikuwa nimeshika paja.

"Wewe mjukuu wangu," Bibi akaniuliza, "Kigoma unakwenda, sawa. Lakini kwenu wapi?"

"Kisarawe, bibi."

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

Akanyoosha mkono, akaninyang'anya paja, akalitia kinywani. "Mtumwa wangu huyu," akawaambia wenzetu huku anatafuna. "Muda wote nimekaa naye, kumbe ni mtumwa wangu!"

Kwa asiyejua mambo, pale palikuwa na ugomvi. Lakini Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani hapewi, anachukua. Naye aliyechukuliwa hana ruhusa ya kununa. Utani huu unaelezwa kuwa ulizaliwa njiani, kwenye misafara ya karne ya 19. Wanyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakarudi bara na nguo, shanga na waya, na wengi wao kabla ya kuiona bahari walipaswa kupita Uzaramo. Watu wa msafara wanahitaji maji, chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kumzika mwenzao aliyefia njiani. Hawana ndugu pale. Basi ikapatikana namna ya kumpa mgeni haki za ndugu bila kumfanya ndugu, na namna hiyo ni matusi yenye mipaka. Mpaka leo kwenye misiba yetu mtani ndiye anayeshika jembe na sufuria, na ndiye huyo huyo anayemwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wanacheka machozi hayajakauka. Reli ya Wajerumani, iliyofika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa njia ile ile ya misafara. Kwa hiyo Bibi na mimi tulikuwa tunatukanana mahali penyewe.

"Bibi," nikamwambia, "wabeba mizigo ni nyie. Sisi tulikuwa tumekaa zetu pwani tunasubiri mtuletee."

"Tukawaletea. Mkaviuza vyote, mkachezea mdundiko. Mpaka leo hamna kitu."

"Tuna bahari."

"Bahari inalimwa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata Kigoma Mkubwa, ambaye tangu Dodoma alikuwa ameegemea dirisha bila neno, akacheka mpaka akajifuta macho na ncha ya mtandio. Tangu hapo Bibi akanichukua kabisa. Analima tumbaku. Akanionyesha viganja vyake, rangi ya majani imeingia kwenye mistari na haitoki kwa sabuni yoyote. Akaeleza jinsi jani linavyotundikwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia, jinsi moto usivyotakiwa kulala wala kupanda ghafla, na jinsi mkulima anavyokesha akiuchungulia kama mgonjwa, kisha siku ya soko mteuzi anapita dakika moja na kulishusha daraja. "Tumbaku ina madaraja mengi kuliko treni hii," akasema, "na mimi kila mwaka nawekwa la tatu." Maisha yangu yote nimeona moshi wa sigara na sikuwahi kujiuliza nani alikesha nao kabla.

Si kila mgeni ni hazina, na anayesema hivyo hajasafiri. Baada ya Itigi tulisimama kituo kidogo kusubiri treni ya mizigo. Reli ni ya njia moja, anayefika mapema kwenye kituo cha kupishana anakaa. Abiria wakashuka kunyoosha miguu. Pande zote ni vichaka vya Itigi, vimefumana kiasi kwamba mbuzi anaingia kwa kuinama. Hapo nikakamatwa na mzee wa koti la kaki mwenye kesi ya mpaka wa shamba. Alianza tangu jiwe la mpaka lilipong'olewa. Nikamsikiliza kwa adabu mpaka baraza la kata, nikavumilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na injini ilipopiga honi tulikuwa ndiyo kwanza tunakata rufaa Mahakama Kuu. Hakuniuliza hata nashukia wapi.

Tabora tuliingia usiku. Pale treni hukatwa: mabehewa ya Mwanza yanaelekea kaskazini, ya Kigoma yanaunganishwa upya kwa safari ya magharibi, na kwa muda mrefu mnasukumwa mbele na nyuma gizani, vyuma vinagongana, watoto wanalia, wauza chai wanapita wakigonga birika. Binti Tabora alikuwa ameshafunga begi lake, lakini hakushuka mara moja. Alitoa simu.

"Jamani, nipeni namba. Nafungua kundi la chumba chetu. Bibi, namba yako?"

Bibi ana kitochi kisichojua makundi, akataja namba ya mjukuu wake. Mama Uvinza akataja yake. Kigoma Mkubwa akasema simu yake imeisha chaji na namba haikumbuki. Mimi nikatoa yangu shingo upande.

Sina ugomvi na makundi, ila najua yanavyokwenda. Wiki ya kwanza mnakumbushana kuku wa Saranda. Ya pili zinaanza kuingia salamu za asubuhi zenye picha za maua, kisha matangazo ya mikopo, kisha mchango wa harusi ya mtu msiyemjua, halafu mmoja anajitoa kimyakimya na wengine wanafuata. Mtu niliyekutana naye njiani namtaka alivyokuwa njiani. Bibi Kaliua wa kwenye simu angekuwa mtu wa kutumiwa vocha na kujuliwa hali, na mimi ningekuwa mjukuu mwingine anayesahau kupiga.

Binti alipokwisha kushuka, Kigoma Mkubwa aliinama kutoka kitanda cha juu yangu. "Simu ina chaji," akasema kwa sauti ndogo, akarudi kulala.

Kaliua ni usiku wa manane. Niliamshwa kwa kutikiswa bega.

"Mtumwa, amka. Nachukua kanga yangu."

Ilikuwa kanga yangu, ile niliyojifunika. Kwa sheria ya utani kitu kilichoshikwa hakiporwi tena, kinakombolewa. Nikapapasa pochi, nikampa noti ya elfu tano. Akaimulika kwa tochi ya kitochi chake pande zote mbili. "Hii ni ya kanga," akasema. "Viatu je?" Viatu vyangu vilikuwa vimeshaingia kwenye kikapu chake, chini ya kanga na majani ya chai. Nikakomboa na viatu. Ndipo akachomoa chupa ya maji iliyojaa asali nyeusi, akanisukumia kifuani. "Usiimalize leo, Mzaramo wewe. Utaoza meno." Akashuka na vikapu vyake viwili, akimkaripia kijana aliyekuja kumpokea kwamba amechelewa, ingawa treni ndiyo iliyochelewa.

Baada ya Kaliua chumba kilituama. Mama Uvinza na mtoto walikuwa wamelala. Taa imezimwa, dirisha tumeliacha wazi kidogo, hewa ya miombo inaingia na harufu ya moshi wa mbali.

"Nikikupa namba sitakwambia kitu," akasema Kigoma Mkubwa, kama mtu anayeendeleza maongezi tuliyokuwa nayo tangu mchana.

"Basi usinipe."

"Dodoma uliniuliza kwetu wapi, nikasema Kasulu. Kwetu si Kasulu."

Amezaliwa Ulyankulu, huko tulikokwisha kukuacha nyuma, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972, mwaka wa mauaji, na mtoto mmoja mgongoni ambaye hakufika. Amekulia Tabora, amesoma Kiswahili cha Tabora, lakini kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, na kibali kina tarehe ya kurudi. Mwaka 2014 serikali ilitoa uraia kwa zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo la 1972 na watoto wao, yeye akiwa mmoja wao. Cheti amekitia kwenye sanduku, chini kabisa, ndani ya foronya. Kabla ya hapo alikuwa ameshaolewa Kigoma. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, wanaosikilizana bila mkalimani. Mama mkwe alisikia anavyosalimia, akasema mwenyewe, huyu ni wa Kasulu huyu. "Sikumdanganya," akasema. "Nilinyamaza tu. Sasa watoto wana watoto, bado nimenyamaza."

Mumewe anajua. Wengine hawajui. Nikamuuliza kwa nini mimi.

"Wewe utaondoka nalo. Utalipeleka huko huko Kisarawe."

Bibi alikuwa ameshashuka, vinginevyo angefurahi kuona Mzaramo ametwishwa mzigo hatimaye.

Nilitegemea alie, hakulia. Alipokwisha kulitoa akawa mwepesi, akaanza hadithi za Ulyankulu za mtu anayepapenda. Kule vijiji vilipangwa kwa barabara zenye namba, na mtu ukiulizwa unakaa wapi unataja barabara ya ngapi. Nikakurupuka kitandani nikagonga kichwa. Barabara ya 13! Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu! Sisi nyumbani ni Waislamu, lakini jirani yetu Kisarawe alikuwa na kanda ile, na kila Jumapili aliipiga kwa sauti ambayo haikuuliza dini ya mtu. Utotoni nilizijua nyimbo zile mwanzo hadi mwisho bila kujua Ulyankulu ni wapi, wala waimbaji walifikaje pale. Kigoma Mkubwa akaanza kuimba kwa pua, taratibu, asimwamshe mtoto. Nikaingia sauti ya pili, vibaya. Alicheka, akanirekebisha, tukarudia. Sijui tuliimba mpaka saa ngapi.

Mengine aliyosema siyaandiki, na haya niliyoandika nimeyageuza hapa na pale, ili hata mama mkwe akisoma asimtambue.

Asubuhi tulivuka Malagarasi, mto umejitandaza kwenye majani marefu. Uvinza, kwenye chumvi yake inayotengenezwa tangu enzi za kabla ya misafara, Mama Uvinza akashuka. Mumewe akapokea mtoto kwanza, mizigo baadaye, mke mwisho. Mchana tukafika mwisho wa reli. Ziwa linaonekana kabla ya stesheni, na watu wote husogea upande mmoja wa behewa, hata wenyeji.

Kigoma Mkubwa alipokelewa na mumewe na mama mmoja mzee aliyejifunga vitenge viwili. Nikaelewa ni nani kabla ya kuambiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmetoka pamoja Dodoma? Hakukuchosha na maneno?"

"Hakusema kitu, mama. Alilala njia nzima."

Mama mzee akaridhika. Kigoma Mkubwa akawa anahesabu mabegi, akayahesabu tena.

Nilikwenda Ujiji kwa bodaboda, kwenye mnara wa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone, Novemba 1871. Hiyo ndiyo salamu maarufu kuliko zote kati ya wageni wawili katika nchi hii, na kwangu haina utamu hata chembe. Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald; alijua anamfuata nani, na mwenzake mzungu pale hakuwa wa kubahatisha. Katika shajara yake kurasa za siku hiyo zilichanwa, kwa hiyo maneno waliyoambiana tunayo kwa jinsi Stanley mwenyewe alivyochagua kuyasimulia baadaye. Yeye atakuwa na sababu zake. Mimi baada ya usiku ule nina huruma kidogo na mtu anayechana kurasa.

Mzee mtunzaji alianza maelezo yake kwa sauti ya kukariri, fimbo ikielekea kwenye miembe. Nikamkatiza kwa adabu, nikamuuliza kuhusu waliobeba mizigo ya msafara: walilala wapi, walipokelewa na nani, walizungumza nini na watu wa Ujiji. Akashusha fimbo.

"Watu wanaulizia Wazungu. Wewe kwa nini unaulizia wapagazi?"

"Nimesafiri na mtani wangu, Mnyamwezi. Kanibakisha na nauli tu."

"Kwani kwenu wapi?"

"Kisarawe."

Uso ukamfunguka. Yeye ni Mmanyema, babu wa babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo, lakini mkewe ni Mnyamwezi wa Urambo. Bila kusema zaidi akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. Tukasikia kuku, maji yanamiminwa, kisha sauti ya mwanamke.

"Mama," mzee akasema, "hapa kuna Mzaramo."

Maji yakakoma kumiminwa. "Mzaramo? Wa kweli? Amevaa viatu?"

Mzee akaitazama miguu yangu. "Amevaa."

"Vichukue. Halafu mwambie apitie sokoni, anunue migebuka miwili minono, aje anipikie mwenyewe, viatu nitamrudishia akishaosha masufuria."

"Umesikia," mzee akaniambia, akakaa juu ya mzizi wa mwembe na kunyoosha mkono. "Anza na cha kushoto."